Nyumba Iliyofunga Madirisha Mchana

Kwenye ghorofa ya juu ya nyumba moja ya Kibokoni kuna kitanda cha samadari chenye miguu ya kuchongwa. Juu ya kitanda hicho niliumwa uchungu siku tatu. Mtoto alifia tumboni, nami nikatoka hapo na tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilivuja mkojo miaka mitatu na miezi mitano, usiku na mchana, nikiwa nimekaa, nimesimama au nimelala.

Kitanda bado kipo. Siku hizi kinalaliwa na msichana mwingine anayeitwa Rahma. Naye ana miaka kumi na mitano, na mimba yake ina miezi minane. Mume ni yule yule. Mavyaa, mama wa mume, ni yule yule. Mkunga aliyeagizwa ni yule yule.

Jina langu ni Mwanaidi. Nina miaka ishirini na moja na nimepona. Naandika kwa ajili ya wanawake wanaovuja wakajificha, wakidhani hakuna mwingine kama wao. Naandika pia kwa sababu ya Rahma, ambaye hajaumia bado. Wapo walioniambia nisamehe kwanza ndipo niseme. Mimi nitasema kwanza.

Nilizaliwa Majengo, katika nyumba ya udongo, chumba kimoja. Mamangu alikuwa akikaanga mahamri tangu alfajiri, na kabla ya kwenda shule mimi niliwapimia wateja mbaazi. Babangu alikuwa kuli bandarini. Nilikuwa darasa la saba, na katika mtihani wa muhula nilikuwa wa tatu. Nilipenda kuandika. Nilikuwa na daftari nililoandika kila kitu: siku mvua iliponyesha, siku mwalimu aliposafiri, nani alifariki mtaani na saa ngapi. Tabia hiyo sijaiacha, na ndiyo maana leo naweza kutaja siku na saa bila kubahatisha.

Mwaka huo nilivunja ungo. Kwetu msichana akishaona damu, miaka yake haihesabiwi tena. Mama alimwambia jirani, jirani akamwambia jirani, na miezi minne haikutimia ilipokuja posa kutoka Kibokoni. Bwana mwenyewe aliitwa Aziz, karani wa kampuni ya meli, na alikuwa na miaka thelathini na moja. Wazazi wangu walilizungumza chumbani, mimi nikiwa nyuma ya pazia.

"Yuko darasa la saba," mama alisema.

"Ameshavunja ungo. Darasa gani tena?"

"Na yule bwana ni mtu mzima, baba Mwanaidi. Karibu arika lako."

"Mwanamume haangaliwi miaka. Tena wale ni watu wa Kibokoni, wana nyumba ya mawe, ya ghorofa. Ama wataka akae hapa akaange mahamri kama wewe?"

Mama hakujibu. Nimemuuliza mara nyingi kwa nini hakujibu. Husema hakuwa na la kujibu, maana kweli alikuwa akikaanga mahamri.

Siku ya nikaha mwozeshaji aliuliza, "Binti ana umri gani?" Baba akasema, "Kumi na minane." Kalamu ikaandika kumi na minane. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na miezi miwili. Somo wangu, mwanamke aliyepewa kazi ya kunifunda, alikuwa amekwisha kuniambia: "Ukiulizwa popote, sema kumi na minane. Usiseme nyengine." Nilishika somo hilo vizuri kuliko yote niliyofundishwa shuleni.

Ya fungate siyaandiki. Si kwa haya. Waliokuwapo wanayajua.

Nilihamia ghorofani Kibokoni, chini ya amri ya Bi Shekha, mavyaa wangu. Bi Shekha ni mjane, mnene, msafi kupita kiasi. Nyumba yake hunukia udi asubuhi na jioni. Aliniita Mmajengo. "Mmajengo, lete maji." "Mmajengo, huku hatuli kwa kulamba vidole." Mwanawe alikuwa akicheka, kisha akishuka zake barazani kunywa kahawa.

Mimba ilipofika mwezi wa sita nilikwenda kliniki mara moja tu. Nesi alinipima urefu, akashika tumbo, akanitazama usoni. Akaandika kwenye kadi kwa wino mwekundu: AZALIE HOSPITALI. Nilimpa Bi Shekha kadi. Aliisoma, akaitia kabatini chini ya mashuka, akafunga kwa ufunguo.

"Hospitali huendwa na wagonjwa," alisema. "Wewe wauguwa nini?"

Tena ada ya kwetu ni kwamba mimba ya kwanza msichana hurudi kuzalia kwa mamake. Mama alikuja kunichukua akiwa amevaa leso mpya, na kikapu chake mkononi. Bi Shekha hakumkaribisha juu. Alimsimamisha mlangoni.

"Mjukuu wangu azaliwe Majengo? Kwenye udongo, kuku wapita? Haiwi, bibi."

"Ni ada, Bi Shekha. Mimba ya kwanza ni ya mama."

"Ada ni ya wenye nyumba."

Mama akarudi na kikapu chake.

Uchungu ulinishika siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, nikichagua mchele kwenye sinia. Nilipomwambia Bi Shekha, jambo la kwanza alilofanya ni kufunga madirisha yote ya juu, moja baada ya moja, jua likiwa linawaka nje. Kisha akawasha redio kwa sauti kubwa. Kisha akatia udi kwenye chetezo. Katika nyumba ile wanaamini kwamba uchungu wa mwanamke ukijulikana mtaani, jicho la watu huurefusha. Kwa hiyo uchungu hufichwa. Redio ni ya kufunika kelele. Udi ni wa kufunika harufu. Majirani wakiona madirisha yamefungwa mchana hujua, lakini ni adabu kujifanya hawajui.

Ndivyo nilivyofichwa. Kutoka nyumba ile hadi kwa mamangu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na mamangu hakuambiwa.

Mkunga alikuwa Mwana Esha, bibi mwenye mikono ya nguvu. Alinipaka mafuta ya nazi, akanikanda tumbo kuelekea chini, akaniambia nisukume. Nilisukuma Jumanne yote. Nilisukuma Jumatano. Maji yalikuwa yameshamwagika, na kitu kama jiwe kilikuwa kimekaa kwenye nyonga hakipandi wala hakishuki. Sikuweza kukojoa. Mguu wa kulia ulikufa ganzi.

"Yuwaja," Mwana Esha alikuwa akisema. "Mtoto yuwaja. Bado kidogo."

"Si yuwaja," Bi Shekha alimjibu. "Huyu ni mvivu. Wa Majengo wajua kula, kusukuma hawajui."

Nilisema, "Mwiteni mamangu."

"Aje na midomo ya Majengo yote nyuma yake? Sukuma!"

Nikasema, "Kadi. Wameandika hospitali." Bi Shekha akaongeza sauti ya redio.

Mara mbili nilimsikia Aziz kutoka ngazini: "Bado?" Akajibiwa bado, akashuka.

Alhamisi mchana yalitoka maji ya kijani yenye harufu ambayo udi haukuweza kuifunika. Mwana Esha aliyatazama. Akanawa mikono, akafunga kifurushi chake, akasema anakwenda kuswali alasiri. Hakurudi. Hapo ndipo Bi Shekha alipoogopa, na hofu yake haikuwa juu yangu. Nilimsikia akimwambia mwanawe, "Asifie kwenye kitanda changu."

Gari haliingii kichochoro kile. Walimwita hamali anayeitwa Karisa, mtu mzima wa Kilifi, mwenye mkokoteni wa kubebea magunia. Walinishusha kwa ngazi nikiwa nimeketishwa kwenye kiti, wakanilaza juu ya magunia. Karisa alinitazama.

"Bwana Aziz, huyu mbona ni mtoto?"

"Beba. Hukuitwa kusema."

"Nabeba. Na kusema nasema. Huyu ni mtoto."

Alivua koti lake akanifunika miguu, akausukuma mkokoteni hadi Ndia Kuu palipokuwa na teksi. Baada ya hapo, bila kutumwa na mtu, alikwenda kwa miguu hadi Majengo akauliza nyumba ya mwanamke anayekaanga mahamri ambaye bintiye ameolewa Kibokoni. Mama alifika hospitali leso zikiwa zimelowa mafuta. Ni Karisa aliyemwita. Mtu ambaye hakuwa ndugu wala jirani.

Mapokezini nesi aliniuliza umri. Nilikuwa nusu maiti, lakini nilijibu: "Kumi na minane." Aliandika. Daktari alipokuja aliishika mikono yangu, akaangalia meno, akasema, "Huyu hajafika kumi na minane hata kwa kusukumwa." Wakanipasua jioni hiyo. Mtoto alikuwa wa kiume, amekufa tangu jana yake. Sikumwona. Alizikwa na watu wa upande wa baba, na mpaka leo hawajaniambia alipewa jina gani, wala kama alipewa.

Siku ya kumi walinitoa mpira wa mkojo. Nilipoamka, godoro lilikuwa limelowa. Nilidhani nimekojoa usingizini. Nikabadilishwa shuka, nikakaa, na nikiwa nimekaa nikahisi moto ukiteremka mapajani bila mimi kufanya lolote. Nilibana. Hakuna kilichobanika. Nilimtazama mama, naye akatazama sakafu. Nesi alisema majeraha yakipoa itaacha. Haikuacha.

Walinirudisha Kibokoni. Bi Shekha hakuniruhusu kupanda ghorofani. Nilitandikiwa mkeka na gunia chini ya ngazi, pale zinapowekwa ndoo. Chetezo kiliwekwa miguuni pangu tangu asubuhi hadi jioni, na kila aliyepanda ngazi alipita juu ya kichwa changu. Mguu wa kulia nilikuwa nauburuta. Siku ya thelathini na sita Aziz alisimama kwa mbali akiwa ameshika leso puani, akanipa karatasi ya talaka. Alisema, "Mimi sikuoa choo." Nimeyaandika kama alivyoyasema. Mpaka leo nikinusa udi hutapika.

Miaka iliyofuata niliishi Majengo katika chumba kile kile cha mama. Nilikuwa navaa vitambaa vya leso kuukuu, vinne kwa siku, kisha sita, na mama alivifua kabla ya kugusa unga. Wateja wakaanza kupungua. Wakisema mahamri yananuka. Mapaja yangu yalichubuka yakawa vidonda, na mkojo ukipita juu ya kidonda huuma kama ndimu. Nikaamua kutokunywa maji ili nisivuje. Mkojo ukawa mchache na mkali zaidi, vidonda vikazidi.

Bombani waliniita Kikojozi. Siku moja palikuwa na harusi nyumba ya tatu, nami nilijipaka marashi, nikakaa pembeni kabisa ya mkeka. Mwanamke mmoja akanusa hewani akasema kwa sauti, "Jamani, nani ameleta paka?" Wakacheka. Wakavuta mkeka wao, mimi nikabaki kwenye sakafu tupu. Nilipoinuka waliona alama niliyoiacha. Sikutoka nje tena kwa miezi saba.

Kibaya kuliko yote ni kwamba niliacha kuswali. Waliniambia udhu wangu haukai, na asiye na udhu hana swala. Nilifunga Ramadhani tatu kwa njaa tu, nikisikia wenzangu wakienda tarawehi. Niliamini kwamba hata Mungu amevuta mkeka wake.

Babangu alikuwa akiingia, akila, akitoka. Mara moja alisema, "Huu ni mtihani wa Mwenyezi Mungu." Nikamwambia, "Baba, kumi na minane aliisema Mwenyezi Mungu?" Alinipiga kofi. Sijutii kusema.

Tiba ilikuja kwa njia ya mahamri. Sista Maryamu, nesi wa makamo, alikuwa akipita kila asubuhi kununua mahamri manne. Asubuhi moja alisikia harufu kutoka chumbani akauliza, "Bi mkubwa, una mgonjwa ndani?" Mama alikana. Kisha akalia. Sista akavua viatu akaingia. Alikaa karibu nami, kwenye mkeka wangu, mahali ambapo hakuna mtu aliyekaa miaka mitatu.

"Ulizaa siku ngapi?"

"Tatu."

"Mtoto?"

"Alikufa."

"Halafu mkojo ukaanza kutoka wenyewe."

"Umejuaje?"

"Nimewaona wengi. Huu ugonjwa una jina, mwanangu. Nasuri. Kichwa cha mtoto kilibana nyama kwenye mfupa siku tatu, nyama ikafa, pakawa na tundu. Nguo yako ikitoboka hufanywaje?"

"Hushonwa."

"Basi. Na maji kwa nini hunywi?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akaniamuru ninywe jagi zima mbele yake. Kisha akauliza, "Waswali?" Nikasema udhu haukai. Alikasirika mpaka sauti ikapanda. "Nani aliyekwambia? Mwenye ugonjwa kama wako hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha wakati wa swala ukiingia, akaswali hivyo hivyo, hata kama inavuja. Kila mwanachuoni yualijua hilo! Walikunyima mpaka swala?" Adhuhuri hiyo niliswali. Kitambaa kililowa nikiwa kwenye sijida ya kwanza, na sikukatiza.

Sista alinipeleka kwenye hospitali ambapo daktari wa upasuaji huja mara chache kwa mwaka. Wodi ile tulikuwa wanawake wanane. Kila mmoja alikuwa amejihesabu peke yake duniani. Tulipoulizana umri wa kuolewa, mkubwa wetu alisema kumi na sita.

Nilichomwa sindano ya uti wa mgongo, nikashonwa nikiwa macho. Siku kumi na nne nililala na mpira, nikinywa maji kila saa. Kisha wakatia dawa ya buluu kwenye kibofu na pamba tatu kwenye njia ya uzazi. Pamba ikitoka nyeupe, umepona. Yangu ya ndani kabisa ilitoka buluu. Nililia, nikamtukana daktari. Alisema, "Kovu ni kubwa. Turudi baada ya miezi minne."

Nilipolazwa mara ya pili, baba alikuja hospitali. Alimuuliza daktari kwa nini msichana aliyekwisha kuvunja ungo ashindwe kuzaa. Sista Maryamu alimvua mama bangili yake mkononi, akamwambia baba, "Pitisha ngumi yako hapa, mzee." Haikupita. "Hiyo bangili ndiyo nyonga ya msichana. Damu hutangulia, mifupa hufuata baada ya miaka. Ungo ukivunjika, bangili bado haijapanuka. Ndipo mama huumia na mtoto hukosa pumzi. Watoto wengine hufa, na wengine huishi wasiweze kukaa wala kusema."

Baba aliirudisha bangili. Akasema, "Sikujua."

Nakubali kwamba hakujua habari ya nyonga. Umri wangu alikuwa akiujua.

Mara hiyo ya pili pamba zote tatu zilitoka nyeupe. Niliziomba, nikapewa, ninazo. Nilisimama, nikatembea mpaka dirishani na kurudi, na sakafu nyuma yangu ilikuwa kavu. Nilikojoa mwenyewe kwenye bakuli, na sauti ya mkojo ikigonga bati niliisikiliza mpaka mwisho. Mguu ulipata nguvu kwa mazoezi. Daktari aliniambia: "Ukiolewa tena, ngoja miezi sita. Ukishika mimba, njoo upasuliwe. Usijaribu nyumbani."

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari ambaye matusi yangu hayakumfukuza, na Sista Maryamu aliyekaa kwenye mkeka wangu. Namshukuru Karisa kwa koti na kwa miguu yake. Namshukuru mamangu aliyenifulia vitambaa miaka mitatu, na bado namuuliza kwa nini hakujibu siku ile. Wengine siwashukuru.

Wewe unayevuja, hujalogwa na hukulaaniwa. Ni tundu, na tundu hushonwa. Kunywa maji mengi, swali, na usikubali kuambiwa umechelewa. Wewe mama ambaye bintiyo anaumwa, uchungu ukipita siku moja, usisubiri mkunga aseme bado. Na wewe baba, siku utakapoulizwa umri wa binti yako, sema ule unaoujua. Yeye akishafundishwa kuudanganya, atawadanganya hata wanaotaka kumwokoa, kama nilivyofanya mimi.

Sasa nashona mabuibui kwenye duka dogo, vichochoro viwili kutoka nyumba ile. Rahma aliletwa kwangu kupimwa dera la mimba. Nilipozungusha utepe kwenye nyonga zake nilirudia kupima mara ya pili.

"Una miaka mingapi, Rahma?"

"Kumi na minane."

"Nani aliyekufundisha kusema hivyo?"

Akatazama mlangoni. "Somo," akasema.

"Kliniki umekwenda?"

"Mara moja. Waliandika kwa wino mwekundu. Kadi Bi Shekha ameniwekea kabatini."

Siku hiyo hiyo nilikwenda kupiga mlango. Bi Shekha alinijua kwa sauti.

"Wewe! Miaka yote hii bado wanuka mlangoni kwangu?"

"Nimepona, Bi Shekha. Nimekuja kwa sababu ya Rahma. Mpelekeni hospitali."

"Huna mtoto, huna mume, sasa wataka na wa mwenzio? Nenda kakojoe kwenu!"

"Ile kadi iko kabatini. Mbili sasa."

Alinifungia mlango. Aziz nilimngojea barazani kwake. Alisema Mwana Esha amezalisha mtaa mzima. Askari niliyemwendea alisema mwanamke kuzaa kwake si kosa. Mama yake Rahma anakaa ng'ambo, Likoni. Nilivuka feri kumwona, akaniambia alikwenda kumchukua bintiye kwa ada ya mimba ya kwanza, akasimamishwa mlangoni. Nilimweleza habari ya madirisha na redio. Tukapatana: siku nitakapoona yamefungwa mchana, nimtumie mtu, naye aje, maana mama mzazi akisimama mlangoni pamoja na watu, hawataweza kusema ni wivu wa mtalaka.

Hapa ndipo nilipokuwa nimemaliza kuandika, wiki iliyopita. Yanayofuata nayaongeza leo.

Leo saa tatu na nusu asubuhi nilipita. Madirisha manne ya juu yamefungwa. Kichochoro kizima kinanuka udi. Redio inasikika mpaka msikitini. Mimba haijatimiza miezi tisa.

Nimepiga mlango mara tatu. Mara ya tatu Bi Shekha alijibu kwa ndani, "Rahma amelala." Nikasema, "Na redio hiyo?" Mamangu ameacha karai motoni kwa jirani, amekwenda Likoni. Karisa yuko hapa na mkokoteni wake. Ameutandika godoro, safari hii hakuweka magunia. Teksi imesimama Ndia Kuu. Sista Maryamu ameambiwa kwa simu ya dukani, na hospitali wanajua. Saa nne na robo Mwana Esha aliingia kwa mlango wa nyuma na kifurushi chake. Nilimwita kwa jina. Aliinamisha kichwa akapita.

Naandika nikiwa kwenye baraza inayoelekeana na mlango. Wanawake wawili wa nyumba za jirani wametoka, wakatazama juu, na kwa mara ya kwanza sikuona adabu ile ya kujifanya hawajui. Mmoja amekuja kukaa nami. Mwengine amerudi ndani.

Ni saa saba kasorobo. Mama yake Rahma hajafika. Mlango haujafunguliwa, na redio imeongezwa sauti.